Nyumba Njema Si Mlango
Shauri kwa jamaa zinazotaka kuhamia Dar es Salaam

Watu wa Kivu, wa Tanganika na wa Katanga wameijua njia ya Dar es Salaam tangu zamani. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaliunganisha ziwa na bahari. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa mahali pao katika bandari hiyo, kwa kodi ya franka moja tu kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila taabu. Siku hizi malori hutoka bandarini, hupita Tunduma, huvuka Zambia, yakaingia Kasumbalesa na kufika Lubumbashi. Basi si ajabu kwamba mfanyabiashara aliyekwenda mara nyingi kununua bidhaa Kariakoo huanza kuwaza moyoni: Kwa nini nisihamie huko pamoja na jamaa yangu, nikanunua nyumba karibu na bahari?

Wazo hilo si baya. Lakini wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tufungue mlango huo pamoja, ninyi akina baba mnaoshika fedha, na ninyi akina mama mtakaoulizwa na watoto: Hapa ni kwetu, ama sivyo?

Ardhi ni ya nani?

Sisi wa Kongo tumezoea sheria ya tarehe 20 Julai 1973, isemayo kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki juu ya parseli yake kwa cheti cha uandikishaji. Tanzania nayo ina shauri linalofanana na hilo. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hapewi ardhi yenyewe, bali hupewa haki ya kuikalia kwa muda uliotajwa katika hati: miaka 33, au 66, au 99.

Lakini hapa ndipo penye neno kubwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yakataza asiye raia wa Tanzania kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa na serikali. Nyumba ya kulala baba, mama na watoto si uwekezaji wa namna hiyo. Wengine husema: Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi sasa sisi sote ni wamoja. Ni kweli tumeingia. Lakini itifaki ya Soko la Pamoja imeacha mambo ya ardhi yaongozwe na sheria za kila nchi. Uanachama wa Jumuiya haumpi Mkongomani kiwanja cha Mbezi wala cha Kigamboni.

Jina la kuazima

Kwa sababu hiyo wako watu wanaotafuta njia ya mzunguko. Mgeni hutoa fedha zake zote, na kiwanja huandikwa kwa jina la rafiki mwenyeji. Wanapeana mikono, wanakula pamoja, na mambo yanaonekana kuwa mazuri.

Tufikiri sasa yatakayofuata. Mbele ya sheria mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa. Akifa, warithi wake watadai nyumba, nao hawakuyajua mapatano yenu. Akikopa fedha na kuiweka nyumba rehani, benki itatazama hati, haitatazama urafiki. Wewe nawe ukifa kwanza, mjane wako ataonyesha nini? Akienda mahakamani na kusema kwamba mumewe alinunua ardhi kwa kujificha nyuma ya jina la mwingine, ameungama mwenyewe kwamba sheria ilikwepwa. Hatusemi kwamba kila rafiki ni mwongo. Twasema kwamba hata rafiki mwaminifu hawezi kuwafunga wanawe ambao hawajazaliwa. Fedha za miaka ishirini zisitundikwe kwenye uzi wa namna hiyo.

Jamaa ya Kikongomani isiyo na uraia yafaa ipange nyumba. Kupanga si aibu. Wenye nyumba wengi mjini humo hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja, na dalali naye hutaka ujira wake. Basi fedha hizo ziwe tayari kabla ya safari. Tena mapatano yaandikwe, na risiti zitunzwe.

Aliye na haki anunueje?

Ziko jamaa ambazo mmoja wao ni raia wa Tanzania. Sheria ya nchi hiyo yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kushika ardhi. Kama mama ndiye raia, hati iandikwe kwa jina lake, na baba ajue mapema kwamba mbele ya sheria mama ndiye mwenye haki hiyo. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humlinda mume na mke: mmoja hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mnunuzi naye aulize daima: Je, muuzaji ana mke? Mke huyo amekubali kwa mkono wake?

Kabla ya kutoa shilingi hata moja, mnunuzi aombe upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Hapo ataona jina la mwenye haki, na kama pana deni la benki au zuio. Halafu aende mahali penyewe mchana, aonane na wajumbe wa serikali ya mtaa na majirani wanaopakana na kiwanja, kwa kuwa jirani hujua ugomvi ambao daftari haliujui. Mauziano yafanywe mbele ya wakili, kisha yaandikishwe. Yapo maeneo mengi yasiyopimwa; huko watu wengine wana leseni ya makazi tu, ambayo muda wake ni mfupi, au karatasi ya mauziano peke yake. Karatasi hiyo si hati. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bahari ni jirani mkali

Atokaye Bukavu, mji ulio juu yapata mita 1,500, atashangazwa na joto, na mbu watamkumbusha kununua vyandarua. Upepo wa bahari una chumvi. Hula mabati, misumari na nondo. Mchanga wa ufukweni usitumiwe kwa zege, maana chumvi yake huozesha chuma kilichomo ndani, na nguzo hupasuka. Maji ya kisima yaonjwe kwanza, kwa sababu visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na vilevile kando ya mito. Kiwanja kinachogusa mawimbi huweza kuwa kiwanja cha kubomolewa.

Hata mbali na bahari maji ni hatari. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 bonde la Msimbazi lilifurika. Watu walikufa, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Bonde hilo huonekana kavu na zuri wakati wa kiangazi. Kwa hiyo asiyeona mtaa wakati wa masika, yaani kati ya Machi na Mei, hajauona.

Watoto na shule

Baba hupima kiwanja. Mama hupima maisha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na safari ya kwenda kazini huweza kula saa nyingi za siku. Kigamboni kuna pantoni, na tangu mwaka 2016 kuna daraja. Hata hivyo foleni zipo. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa atakuta shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Aliye mdogo atazoea upesi; aliye karibu kumaliza sekondari afadhali amalize nyumbani kwanza.

Basi shauri letu ni hili. Msiuze nyumba ya Bukavu, Kalemie au Lubumbashi kwa haraka. Pangeni kwanza kwa mwaka mmoja, mwone masika na kiangazi, kaskazi na kusi. Ulizeni sheria kabla ya kumwuliza dalali. Na siku ile mtakapotia mkono katika karatasi yoyote, mume na mke wawe pamoja, waisome pamoja, na nakala ikae mahali ambapo watoto wataijua.