Kulegea Nako Ni Kazi

Jioni maji yakipwa, vijana wa sarakasi hujitokeza kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi. Mmoja huinua mikono, akajipinda nyuma taratibu mpaka viganja vikashika mchanga. Watu humshangilia kwa mgongo wake. Mimi hutazama nyonga zake, maana hapo ndipo siri ilipo.

Umbo hilo kwenye yoga huitwa upinde. Uti wa mgongo una pingili 33, na 24 za juu ndizo zenye kucheza. Lakini hazichezi sawasawa: 12 za kifuani zimefungwa na mbavu, 5 za kiunoni ziko huru zaidi. Basi anayeanza humwaga mzigo wote kiunoni, na maumivu humkuta papo hapo.

Nyonga ingemsaidia, kama ingefunguka. Kuna msuli uitwao soasi, unaoanzia pingili za kiuno, ukapita ndani ya nyonga na kushikilia mfupa wa paja. Dereva wa tuktuk anayeshinda amekaa akingoja abiria wa feri pale Likoni huwa ameufupisha mchana kutwa. Akijipinda nyuma, msuli huo hugoma kurefuka, ukakivuta kiuno.

Huwezi kuubembeleza kwa maneno. Charles Sherrington, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, alionyesha kwamba neva zinapouamuru msuli mmoja ukaze, ule unaoshindana nao huamriwa ulegee. Ndiyo maana kukaza makalio huilegeza nyonga kwa mbele. Wako walimu wanaosema makalio yaachwe kabisa, sikubaliani nao. Yakikazwa kupita kiasi hutanua magoti, kweli, lakini dawa yake ni kukaza kwa kiasi huku magoti yakitazama mbele.

Na kulegea kwenyewe si kupumzika. Ndani ya msuli, nyuzi za protini hushikana; ili ziachane, lazima nishati itumike, na nishati nyingine huirudisha kalsiamu ghalani mwake. Waosha maiti wanajua jinsi viungo vinavyokakamaa saa chache baada ya mtu kufariki. Hakuna anayevikaza: nishati ya kuviachia imekwisha.

Haraka nayo ni adui. Ndani ya msuli mna vihisi vinavyopima urefu wake, na ukivutwa ghafla hujikaza wenyewe kujikinga. Kwa hiyo dereva wetu asianze na upinde wa Bamburi. Alale chali, akunje magoti, akanyage sakafu kwa nyayo zote, ainue makalio huku akitoa pumzi, akae hapo kwa pumzi tano, kisha ashuke polepole, pingili baada ya pingili, mpaka kiuno kiguse mkeka.