Kubadilisha Injini ya Pikapu: Jinsi ya Kulipa Bila Kulia

Kuna mlima mmoja ambao wafanyabiashara wa maembe wa Bonde la Kerio wanaujua kuliko PIN zao. Ukitoka Biretwo, barabara inaanza kupanda, inajikunja kona baada ya kona, inapita Tambach, na haikuachilii mpaka ufike Iten. Chini bondeni uko kama mita 1,100 juu ya bahari. Iten uko karibu mita 2,400. Sasa fikiria uko na pikapu ya miaka ya tisini, maembe yamejaa hadi juu, na injini ni ile ya kwanza kabisa iliyokuja nayo.

Mteja wetu mmoja, mama anayepeleka maembe Eldoret, alikuwa anaupanda mlima huo mara tatu kwa wiki akiwa na mtungi wa maji kando ya kiti. Sindano ya joto ikipanda, anasimama. Moshi mweusi nyuma, malori yanampita, na embe likishaiva halikungoji. Likifika sokoni limelainika, mnunuzi anataja bei yake na wewe unakubali tu.

Fundi wake wa Eldoret alimwambia ukweli: "Mama, hii injini imechoka. Tunaweza kuifungua tuirekebishe, lakini kwa huo mzigo wako na huo mlima, afadhali uweke kubwa kidogo."

Tuliongea naye kwa sababu safari yake ya kupata hiyo injini ilimfunza mambo mawili: magari na malipo. Na funzo la malipo ndilo lililomuuma zaidi.

Kwanza, ujue unanunua nini

Pikapu yake ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L, ambayo ni sisi 2,446. Haina turbo. Injini ya aina hii hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kwa hivyo ile siku unahitaji nguvu zaidi ndiyo siku unayo kidogo zaidi.

Alikuwa na njia tatu mbele yake:

- 3L, sisi 2,779. Ni ndugu ya 2L, familia moja. Kwa kawaida inakaa palepale na inashikana na giaboksi ileile.
- 5L, sisi 2,986. Bado familia hiyohiyo, bado haina turbo, lakini bei iko juu.
- 1KZ-TE, sisi 2,982 na turbo. Hii ina nguvu kweli. Lakini hizo herufi mbili za mwisho zina gharama yake: T ni turbo, E ni mafuta yanayosimamiwa kwa umeme. Unahitaji kompyuta ya injini, waya zake, giaboksi yake, na radieta kubwa. Fundi asiyeijua vizuri atakuachia gari gereji miezi miwili.

Yeye, kama wengi wetu, aliitamani 1KZ. Na hapo ndipo tapeli alipompata.

Shilingi 10,000 zilizopotea

Aliona picha ya 1KZ mtandaoni, safi, inang'aa, bei nusu ya ile aliyotajiwa kwingine. Muuzaji akasema yuko Nairobi, Kirinyaga Road, ile sehemu wengi bado tunaiita Grogan. Akamwambia: "Mama, kuna watu wawili wanaitaka leo. Tuma elfu kumi nikushikie, zingine utalipa ikifika."

Akatuma. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha halikuwa la duka wala la yule aliyekuwa akiongea naye. Alipouliza, akaambiwa ni la "kijana wetu wa ofisi." Jioni simu ikawa haishikwi. Alitupigia siku ya tatu, akitumaini bado amechelewa kidogo tu. Pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti siku ileile ya kwanza.

Tuseme wazi, hata kama si raha kusema: pesa ikishatolewa, sisi hatuna mahali pa kuivuta. Tunaweza kuchukua hatua dhidi ya laini iliyoipokea, na wewe unapaswa kuripoti polisi upate nambari ya OB, lakini pesa yenyewe kuirudisha ni ngumu sana. Ukitupigia dakika ile unaposhuku, ikiwa bado iko kwenye akaunti, hapo kuna la kufanya. Usione haya kupiga. Huyu mama alituambia alikaa siku mbili nzima akiwaficha watoto wake. Hizo siku mbili zilimsaidia tapeli peke yake.

Mara ya pili alifanya nini tofauti

Alirudi kwa fundi wake wakakubaliana 3L. Haina sifa mtandaoni, lakini kila fundi wa dizeli Eldoret anaijua. Halafu akamtuma mpwa wake aliye Nairobi aende dukani kwa miguu yake. Haya ndiyo waliyofanya, na tungependa uyaige:

1. *Waliangalia nambari ya injini kwa macho.* Nambari huwa imegongwa kwenye chuma cha injini yenyewe na huanza na jina la injini. Ya 3L inaanza na 3L. 2L na 3L zinafanana kwa nje, kwa hivyo usiamini rangi wala karatasi iliyobandikwa. Mpwa alipiga picha, akamtumia fundi.

2. *Waliisikia ikiwaka ikiwa baridi.* Gusa injini kabla haijawashwa. Kama tayari ina joto, uliza kwa nini. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili: moshi mwingi ukitoka hapo, imechoka. Ukikuta kitu cheupe kama maziwa chini ya kifuniko, huenda maji yameingia kwenye oili. Ondoka.

3. *Walilipa kwa nambari ya till ya duka.* Sh145,000 zililipwa injini ikiwa mbele yao. Muamala mmoja unaruhusu hadi Sh250,000, kwa hivyo hakukuwa na haja ya kugawanya kwa laini za watu watatu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lile lililoandikwa kwenye risiti.

4. *Walichukua karatasi zote.* Risiti yenye nambari ya injini, na nakala ya hati za kuingiza injini nchini. Bila hizo, hatua inayofuata inakwama.

Bei ya injini si bei ya kazi

Hapa ndipo wengi hushikwa. Unaweka akiba ya injini, unainunua, halafu inakaa chini ya turubai kwa sababu pesa za kuifunga hazipo. Mama huyu alitupa hesabu yake yote: kusafirisha hadi Eldoret Sh6,000, klachi Sh14,000, belti mpya ya taimingi na tenshena Sh6,500, radieta Sh12,000, maunti, mipira ya maji, oili na filta Sh15,500, na fundi Sh25,000. Jumla ya ziada ni Sh79,000, zaidi ya nusu ya bei ya injini. Zote pamoja, Sh224,000. Na zile elfu kumi za tapeli, kando.

Fundi alimlipa kwa awamu tatu: theluthi alipoanza, theluthi injini ilipowaka, na ya mwisho gari lilipopanda mlima na mzigo. Kila malipo yalibaki kwenye taarifa ya miamala yake. Walipobishana kidogo kuhusu salio, alifungua simu tu, wakahesabu pamoja, wakacheka.

Usisahau logbook

Ukibadilisha injini, maelezo ya gari lako yamebadilika. Ni lazima NTSA ijulishwe, gari likaguliwe, na logbook iandikwe nambari mpya. Maombi yanaanzia kwenye akaunti yako ya eCitizen, na ada unalipa hukohuko kwa simu. Usimpe mtu pesa taslimu "akusukumie." Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka, kwa hivyo ukiacha nambari ya zamani, shida yako ina tarehe.

Mwambie pia wakala wako wa bima. Injini imebadilika, sisi zimebadilika, na hutaki kuanza kueleza hayo siku ya ajali. Na kwa sababu sasa gari lina nguvu zaidi, mwambie fundi aangalie breki. Huo mlima wa Iten una upande wa kushuka pia.

Sasa hivi

Mama bado anabeba mtungi wa maji. Anasema ni mazoea tu. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa amepita Tambach bila kusimama kwa msimu mzima, na maembe yanafika sokoni yakiwa bado magumu. Anajiwekea kidogo kila wiki kwenye akiba iliyofungwa kwenye simu, kwa ajili ya matairi.

Tulimuuliza angemwambia nini mtu anayetaka kununua injini leo. Akajibu: "Asome jina kabla ya kuweka PIN. Likiwa silo, aache hata kama injini ni ya bure."

Sisi hatuna la kuongeza hapo.