Je, Wajua? Kura Ikiharibika, Mpakani Ndiko Wanakolipa

Je, wajua kura inaweza kuvurugika Nairobi, petroli ikakosekana Kigali? Ilitokea! Kenya ilitangaza matokeo ya urais tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zikalipuka, reli ya kwenda Uganda ikang'olewa Kibera. Malori ya mafuta hayakufika Malaba wala Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kama kawaida, na Rwanda ikaanza kutoa petroli kwa mgao.

Wakenya wapatao 12,000 walikimbilia Uganda, na baadhi yao wakapokewa Mulanda, wilayani Tororo. Uchumi wa Kenya ulikuwa umekua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007; mwaka 2008 haukufikisha hata asilimia 2. Mwaka mmoja tu, ndugu msomaji!

Rudi nyuma kidogo. Wajua kwamba Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena? Rais Nyerere wa Tanzania alikataa katakata kuketi na Amin. Ugomvi ulikuwa na sababu nyingine pia, lakini Jumuiya ilikufa mwaka 1977, na mpya ikaanza kazi Julai 2000. Miaka 23!

Sasa sikia hili, maana mimi bado linanishangaza. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 tu waondoke, na Bunge la kumuuliza halikuwepo: alishalivunja. Maduka yakabaki matupu, sukari ikawa adimu. Kisha baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Uganda ilikuwa na kahawa tele! Lakini shilingi yake ilikuwa haina thamani, basi kahawa ya Bugisu, jirani na Tororo, ikavushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube, Kenya. Fedha za kujengea shule na zahanati za Uganda zikapotelea mpakani.

Wasema hayo ni ya kale? Januari 2021, wiki ya uchaguzi, Uganda ilizima intaneti kwa siku 5. Piga picha Busia: mji umekatwa na mpaka, upande wa Uganda simu haina mtandao, hatua chache ng'ambo, Kenya, mtandao upo!

Na takwimu hii je? Mwaka 2019 mchumi Daron Acemoglu na wenzake watatu walionyesha kuwa nchi ikiingia kwenye demokrasia, baada ya miaka 25 pato la kila mtu huwa juu kwa takriban asilimia 20 kuliko kama isingeingia. Asilimia 20!

Habari njema ninayo pia. Tarehe 4 Agosti 2010, Wakenya 67 kati ya kila 100 waliopiga kura walikubali katiba mpya: kaunti 47, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwenda huko. Busia ya upande wa Kenya ni mojawapo, na tangu 2013 mkazi wake humchagua gavana anayesimamia hospitali za kaunti.