Nguruwe anaharisha? Tuliza sindano, soma kinyesi kwanza!

WALE ambao kwao mnyama huyu ni haramu watuwie radhi, maana wiki hii tunaingia bandani kwa mdudu. Ndiyo, huyo huyo kitimoto wa Jumamosi jioni. Lakini leo hatuzungumzii ndizi za kukaanga wala pilipili. Tunazungumzia tumbo lake, na jinsi linavyoukausha mfuko wa mfugaji kabla mnyama hajafika sokoni.

Mambo huwa hivi. Nguruwe mmoja anaanza kuharisha. Mwenye mali anakimbilia duka la dawa za mifugo, anapewa chupa, anapiga sindano banda zima. Siku ya tatu kinyesi kimekaza kidogo, kila mtu anashangilia. Wiki ya pili yale yale, chupa nyingine. Mwisho wa mwezi dawa zimekula faida yote na nguruwe bado mbavu nje. Kulikoni? Jamaa alitibu kuhara, hakumtafuta anayeharisha.

Msomaji, kuhara siyo ugonjwa mmoja. Kuna kuhara kwa bakteria, kwa virusi, kwa minyoo, na hata kwa chakula kilichobadilishwa ghafla. Bakteria nao wako wa kila namna, na dawa inayommaliza huyu, yule inampita tu.

UMRI UNASEMA MENGI

Kitu cha kwanza cha kuangalia hakina gharama: nguruwe ana umri gani?

Vitoto vya siku 1 hadi 3 vikiharisha damu na kufa haraka, mtilie shaka bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Kinyesi cha majimaji, cha njano au cheupe, katika siku za mwanzo au muda mfupi baada ya kuachishwa kunyonya, mara nyingi ni kazi ya Escherichia coli. Hapa wataalamu wana ujanja wao wa karatasi ya litmasi. Kinyesi cha huyu E. coli kwa kawaida kina alkali, kwa hiyo karatasi nyekundu inageuka bluu. Kuhara kwa virusi vya rota mara nyingi kuna tindikali. Hilo ni dokezo tu, siyo hukumu.

Walioachishwa kunyonya wakiharisha maji ya njano huku wana homa, fikiria Salmonella. Huyu usicheze naye, bwana. Anaweza kumfikia binadamu kwa nyama isiyoiva vizuri au kwa mikono isiyonawa.

Wanaokua wakitoa kinyesi chenye damu na kamasi, anayetafutwa ni Brachyspira hyodysenteriae, ambaye hushambulia utumbo mpana. Lakini usimhukumu haraka, kwani minyoo ya mjeledi nayo huleta damu na kamasi vile vile. Macho peke yake hayawezi kuwatofautisha.

MWIZI WA KIMYA KIMYA

Sasa yupo mmoja anayewapiga chenga wengi. Ugonjwa wake unaitwa ileitisi, na bakteria mwenyewe ni Lawsonia intracellularis. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu huko Iowa, Marekani, mwaka 1931. Pamoja na hayo, ilichukua zaidi ya miaka 60 kumkuza bakteria wake maabara. Kazi hiyo ilifanikiwa Edinburgh, Scotland, na ikatangazwa 1993. Mwaka 1995 akapewa jina la Gordon Lawson, mmoja wa watafiti waliomsaka kwa miaka mingi.

Kwa nini alisumbua hivyo? Kwa sababu anaishi ndani ya chembe hai za utumbo. Kwenye visahani vya kawaida vya maabara haoti kabisa. Ndiyo maana unaweza kupewa jibu kwamba bakteria hajaonekana, kumbe yumo anakula raha.

Huwapata zaidi nguruwe wa wiki 6 hadi 20. Kinyesi huwa laini kama saruji iliyokorogwa, na wengine hawaharishi kabisa. Utaona tu waliozaliwa pamoja, wanaokula pumba ile ile, mmoja kawa pipa na mwingine kadumaa. Wengi hapo huilaumu pumba, au kijana wa kulisha. Wakubwa waliokaribia kuuzwa hupatwa na namna ya ghafla: kinyesi cheusi kama lami au damu tupu, ngozi inapauka, kisha kifo. Daktari wa mifugo akimpasua aliyekufa, hukuta mwisho wa utumbo mwembamba umenenepa mithili ya mpira wa maji.

Kwa ugonjwa huu, ombeni kipimo cha PCR kinachosaka vinasaba vya bakteria ndani ya kinyesi. Kipimo cha damu kipo pia, lakini chenyewe kinaonyesha kwamba nguruwe alishakutana na bakteria, siyo lazima kwamba ndiye anayemsumbua leo.

KINYESI KINAPELEKWAJE?

Kwanza, chukua kabla ya kupiga dawa. Ukishapiga, bakteria wanajificha na jibu linaweza kukudanganya. Pili, kichukue kibichi, kutoka kwa mnyama mwenyewe, siyo kilichokanyagwa sakafuni. Tatu, usimpime mmoja tu. Chagua kadhaa walioanza kuumwa karibuni. Weka kila kimoja kwenye chombo safi chenye mfuniko, andika umri na dalili, weka kwenye barafu bila kukigandisha, na kifike maabara ndani ya siku moja.

Kwa hapa Tanzania, anza na ofisa mifugo wa kata yako. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una maabara kuu Temeke, Dar es Salaam, na vituo mikoani, vikiwemo vya Arusha na Mwanza. Uliza mapema kipimo unachotaka kinafanyika wapi.

Ila kuna hatari moja hapa. Wakifa wengi, wa umri wote, wana homa kali, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, acha habari za bakteria. Hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921. Ni virusi, haina tiba. Usipasue mzoga, usiuze, usimgawie jirani. Funga banda, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Na wewe mlaji usidhani haya hayakuhusu. Mfugaji anayepiga sindano kwa kubahatisha leo, kesho akaona hali mbaya, hushawishika kumpeleka mgonjwa machinjioni na dawa bado imo mwilini. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla nyama haijaliwa, na zimeandikwa kwenye chupa. Ukishapiga, hesabu siku hizo zote ziishe, hata kama mnunuzi kasimama mlangoni na noti mkononi.