Una Tourette: umwambie nani, useme nini?

Tim Howard alikuwa amekwisha kuisema Tourette yake hadharani kabla hajajiunga na Manchester United mwaka 2003. Kwa hiyo Julai 2014, alipookoa michomo isiyopungua 15 ya Ubelgiji katika Kombe la Dunia, waliojua habari zake hawakushangaa kumwona kipa huyo wa Marekani akikunja uso na kurusha shingo katikati ya mchezo.

Wengi huchagua kuficha, na kuficha kuna gharama. Tourette ni hali ya ubongo inayoleta tiki: kupepesa macho, kupandisha mabega, kujikohoza, kuguna. Kabla tiki haijatoka, mwenyewe huhisi msukumo unaopanda kama chafya. Anaweza kuubana kwa muda. Basi mtoto anaketi darasani kimya, nguvu zake zote zimeishia kujizuia, na mwalimu anadhani anasikiliza. Akifika nyumbani tiki zinamfumka mfululizo. Mama anashindwa kuelewa mbona shuleni wanasema hana tatizo.

Mwenye Tourette akijitokeza kusema, swali la kwanza huwa: “Mbona hutukani?” Hapo filamu zimetuponza. Kutamka matusi bila hiari huwapata wachache tu, takriban mmoja kati ya kumi.

Maelezo mafupi ndiyo yanayofaa. Mtoto anaweza kuwaambia wenzake: “Nina Tourette. Macho na koo langu hufanya hivi bila mimi kutaka. Haiambukizi. Mkiona, endeleeni tu na yenu.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu kukodolewa macho na kuambiwa “acha!” huzidisha tiki. Mwalimu aambiwe zaidi: amkalishe pembeni badala ya mbele, amruhusu kutoka nje kidogo, na asimchape kwa kuguna. Abiria wa daladala, kwa maoni yangu, hadaiwi maelezo yoyote.

Yapo mafunzo ya kitabia ya kuzikabili tiki, na dawa kwa zinazosumbua sana. Kwa kawaida tiki huanza kati ya miaka 5 na 7, hupamba moto kwenye 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua ukubwani. Hapo katikati hubadilika: aliyekuwa akipepesa macho mwaka jana, mwaka huu anaguna. Ndiyo maana Januari, mtoto anapopanda darasa, mwalimu mpya anahitaji kuelezwa upya, hata kama wa zamani alikwisha kuelewa.