Visigino vya Lami

Wanamichezo wa Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichopo Chapel Hill nchini Marekani, huitwa Tar Heels, yaani visigino vya lami. Michael Jordan alikuwa mmoja wao kabla ya kuingia NBA mwaka 1984. Chuo kililirithi jina hilo kutoka kwa wakazi wa jimbo zima, ambao wenyewe hawajakubaliana lilikotoka.

Lami yenyewe haina ubishi. Hii si ile ya barabarani, bali utomvu mweusi wa misonobari. Tangu enzi za ukoloni, magogo yalipangwa, yakafukiwa kwa udongo na kuchomwa polepole kama tanuri la mkaa, huku lami ikichuruzika mtaroni. Meli za mbao za Uingereza ziliitegemea kuzibia mianya na kuhifadhia kamba. Kazi hiyo chafu ilifanywa na watumwa na mafukara, wengi wao wakiwa miguu mitupu.

Simulizi moja inarudi nyuma hadi mwaka 1781, katika vita vya uhuru. Askari wa Jenerali Cornwallis wa Uingereza, inasemekana, walivuka Mto Tar wakatoka na miguu iliyogandwa na lami ambayo wenyeji walikuwa wameimwaga isije ikatekwa. Ni kisa kitamu, lakini kimesimuliwa zaidi kuliko kilivyothibitishwa.

Simulizi nyingine ni ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Askari wa North Carolina walipotaniwa kuhusu lami yao, walijibu kwamba yote imenunuliwa ili wapakwe visiginoni wale wanaokimbia mapambano, wapate kuganda. Hapo jina linageuka kuwa sifa ya ushujaa, na bila shaka ndiyo maana wengi wanalipenda toleo hili.

Hata hivyo, mnamo Februari 1863 askari mmoja aliandika katika shajara yake kwamba, baada ya kuiona misonobari ya jimbo hilo, haoni ajabu yeye na wenzake kuitwa hivyo. Yeye alilihusisha jina na misitu, wala hakutaja pambano lolote. Yaelekea basi lilianza kama kejeli kwa wachoma lami maskini, na vita vikalisafisha. Mwaka 1864 Gavana Zebulon Vance aliwahutubia wanajeshi akijihesabu kuwa mmoja wa Tar Heels.

Wanafunzi wa Chapel Hill walilipa gazeti lao jina hilo mwaka 1893, na leo linaitwa The Daily Tar Heel. Kwa kuwa kisigino hakifai kuchezeshwa uwanjani, tangu mwaka 1924 timu zao huwakilishwa na kondoo dume aitwaye Rameses.