Mchezaji wa Akiba si Mzigo

Msimu wa michezo ya shule za upili unapowadia, mabasi yaliyosheheni vijana wanaoimba huonekana yakipita kati ya Kitale na Bungoma. Aghalabu sifa huwaendea wale wanaoanza mechi. Wenzao huitwa "watu wa benchi", na hapo ndipo dharau huanzia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, nami huamini kwamba jina hujenga mtazamo. Benchi ni mahali pa kukalia tu. Akiba ni mali iliyotunzwa kwa siku ya haja. Wahenga walinena kwamba haiozi. Anayemwita kijana "mchezaji wa akiba" amekiri kuwa ana thamani hata kabla ya kuitwa uwanjani.

Tutazame Marekani. Katika kandanda ya huko, ile ya kofia ngumu na kukumbana vifua, vyuo vikuu vya daraja la juu viliruhusiwa kwa miaka mingi, hadi 2025, kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 85 pekee. Hata hivyo, vikosi vingi vilizidi mia moja. Waliozidi walijiunga kwa hiari, wengi wakijilipia karo. Mlinzi wa akiba wa mstari wa mbele aliweza kumaliza miaka yake chuoni akiwa amecheza dakika chache mno. Kazi yake ilikuwa kukabiliana na washambuliaji wa timu yake mazoezini, ili Jumamosi wasikutane na jambo jipya. Ushindi huo ulikuwa wake pia, japo jina lake halikutajwa.

Mkenya Daniel Adongo, aliyelelewa na raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo. Mechi alizocheza zilikuwa chache. Je, tuseme alipoteza wakati? La hasha! Kufika tu kulidai kazi ambayo mtazamaji haioni.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali. St. Anthony's ya Kitale na Friends School Kamusinga ya Kaunti ya Bungoma zina sifa katika mpira wa magongo. Mchezo huo huwa na wachezaji 11 uwanjani, lakini kanuni huruhusu kubadilishana mara nyingi kadiri timu itakavyo, na aliyetoka hurudi. Timu isiyowanoa wachezaji wake wa akiba huchoka mapema. Hata katika soka, Kombe la Dunia liliruhusu wachezaji wa akiba kwa mara ya kwanza mwaka 1970, wawili tu kwa kila timu. Leo huruhusiwa watano.

Mzazi mmoja wa Bungoma aliniuliza kwa nini mwanawe akose vipindi ili akatazame wenziwe wakicheza. Swali hilo ni la haki. Nionavyo mimi, hapana budi walimu wampe mchezaji wa akiba mafunzo yale yale, cheti kile kile, na muda wa kufidia masomo sawa na mwenzake anayeshangiliwa. Nanyi wanafunzi mlio pembezoni mwa uwanja, dai lenu la kuheshimiwa lina msingi iwapo mnajinoa kila jioni. Shule isiyoweza kuwatendea haki hawa haina sababu ya kuwatoa darasani.